Picha za Wafalme na Milki ya Wageni: Sura za Wainka katika Koloni la Peru, 1572–1781

1. Utangulizi

Tarehe 15 Mei 1781, katika mji wa Cuzco, José Antonio de Areche, mkaguzi mkuu aliyetumwa na mfalme wa Hispania, alitoa hukumu ya kifo dhidi ya José Gabriel Condorcanqui, aliyejulikana zaidi kwa jina la Túpac Amaru wa Pili. Hukumu hiyo ni ndefu. Sehemu yake ya kwanza yaeleza namna waasi watakavyouawa, na hiyo ndiyo sehemu ambayo aghalabu hutajwa katika vitabu vya historia. Lakini ndani ya hukumu hiyo hiyo mna maagizo mengine ambayo, kwa mtazamo wa haraka, hayaonekani kuwa na uzito wa kulingana na roho ya mtu. Picha za wafalme wa kale wa Wainka ziondolewe. Zile zilizochorwa kutani zifutwe hata isibaki alama. Mavazi ya kifalme yakusanywe. Michezo ya kuigiza habari za wafalme hao ikomeshwe. Na wenyeji wafundishwe Kihispania, waiache lugha yao.

Makala haya yanakusudia kujibu swali moja. Serikali iliyokuwa na bunduki, magereza na migodi ya fedha iliogopa nini katika rangi iliyopakwa kwenye kitambaa? Na kwa nini hofu ya picha na hofu ya lugha ziliandikwa katika waraka mmoja, kwa mkono mmoja, siku moja?

Rai yetu ni kwamba katika jamii iliyotawaliwa na wageni, picha ya mfalme haikuwa pambo la ukuta. Ilikuwa hati. Ilieleza nani alirithi kutoka kwa nani, na kwa hiyo nani ana haki ya ardhi, ya kodi na ya utii wa watu. Wahispania wenyewe ndio walioanza kuitumia hivyo. Waungwana wa Kiinka wakaitwaa na kuitumia kwa faida yao kwa muda wa miaka mia mbili. Na ilipochorwa sura ya mtu aliye hai katika nafasi iliyotengewa wafu, utawala ukaona kuwa hati ile imegeuzwa dhidi yake. Hata hivyo tutaonyesha pia kwamba picha ilikuwa na mpaka wake. Ilikuwa mali ya wachache. Lugha haikuwa hivyo, na tofauti hiyo ndiyo inayoifanya habari hii iwahusu wanaosoma lugha, si wanaosoma sanaa peke yao.

2. Kutoka mwili hadi picha

Wahispania walimkamata Atahualpa, mtawala wa Wainka, katika mji wa Cajamarca mwezi wa Novemba 1532, wakamwua mwaka 1533. Wainka hawakuwa na maandishi ya herufi. Hesabu na kumbukumbu zao zilihifadhiwa kwa kamba zenye mafundo, ziitwazo khipu, zikisomwa na wajuzi waliofunzwa kazi hiyo. Na habari za wafalme zilisimuliwa na kuimbwa na jamaa za kila mfalme. Lakini juu ya masimulizi hayo walikuwa na ushahidi mwingine usio na mfano: miili ya wafalme wenyewe. Mfalme akifa, maiti yake ilikaushwa, ikavikwa, ikahudumiwa na ukoo wake, na siku za sikukuu ikatolewa nje hadharani pamoja na maiti za waliomtangulia. Hivyo silsila ya utawala haikusomwa tu; ilionekana kwa macho, imekaa safu moja uwanjani.

Mwaka 1559 ofisa wa Kihispania aitwaye Polo de Ondegardo aliitafuta miili hiyo, akaipata, na baadhi yake ikapelekwa Lima. Haikurudi. Jambo hili ni muhimu kwa maelezo yatakayofuata, kwa sababu kuanzia hapo nafasi ya mwili wa mfalme ikawa tupu, na kitu kilichokuja kuijaza nafasi hiyo kilikuwa picha ya sura, yaani sanaa iliyoletwa na mgeni.

Aliyeanza kuijaza ni Francisco de Toledo, makamu wa mfalme, aliyefika Peru mwaka 1569. Toledo alikuwa na tatizo la kisheria. Wanazuoni na mapadri kadha wa Hispania walikuwa wakiuliza kwa haki gani mfalme wao aliimiliki nchi yenye wafalme wake halali. Jibu la Toledo lilikuwa kwamba Wainka hawakuwa wafalme halali kamwe. Walikuwa madhalimu walioinyakua nchi kwa nguvu muda si mrefu kabla ya Wahispania kufika. Ili kulithibitisha jibu hilo, alimwagiza Pedro Sarmiento de Gamboa aandike historia ya Wainka, na akawaagiza wachoraji wa kienyeji wachore vitambaa vinne vyenye sura za wafalme na wake zao pamoja na matukio ya enzi zao. Mwezi wa Januari 1572 vitambaa hivyo viliwekwa mbele ya wazee wa jamaa za kifalme katika Cuzco, wakatakiwa wathibitishe kuwa yaliyochorwa ni kweli. Kisha vikapelekwa Hispania kwa Mfalme Philip wa Pili. Vitambaa vyenyewe havipo tena.

Yapo malalamiko yanayotuonyesha jinsi waliohudhuria walivyoielewa kazi ile. María Cusi Huarcay, mjane wa Inka Sayri Túpac, aliona kwamba jamaa waliojiunga na Wahispania, yaani Paullu na mwanawe Carlos, wamewekwa mahali pa juu kuliko baba na kaka yake, waliokataa utawala wa kigeni. Akalalamika. Toledo akampuuza, akamweleza kuwa wale waliowekwa juu walimtumikia mfalme. Kwa hiyo hata kabla rangi haijakauka, wote wawili walikubaliana juu ya jambo moja: nafasi ya mtu katika picha ni nafasi yake katika nchi.

Miezi minane baadaye, Septemba 1572, Túpac Amaru wa Kwanza, Inka wa mwisho aliyekuwa akitawala katika misitu ya Vilcabamba, alikatwa kichwa katika uwanja wa Cuzco kwa amri ya Toledo huyo huyo. Mchoro ulikuwa umetangulia, upanga ukafuata.

3. Picha kama hati ya madai

Laiti mambo yangaliishia hapo, tungalisema kwamba picha ilikuwa chombo cha mtawala tu. Haikuwa hivyo. Utawala wa Hispania haukuwaangamiza waungwana wote wa Kiinka, uliwahitaji. Machifu wa jadi, waitwao kuraka, ndio waliokusanya kodi ya kichwa na kupeleka vijana kufanya kazi za lazima, hasa katika mgodi wa fedha wa Potosí. Kwa malipo ya kazi hiyo, mtu aliyeweza kuthibitisha kwamba ni wa uzao wa kifalme hakutozwa kodi wala hakupelekwa migodini. Basi nasaba ikawa mali, na kila mwenye nasaba akatafuta njia ya kuionyesha.

Mfano ulio wazi ni wa mwaka 1603. Jamaa za kifalme za Cuzco waliwaandikia wawakilishi wao waliokuwa Hispania, mmoja wao akiwa Garcilaso de la Vega, mwandishi aliyezaliwa Cuzco mwaka 1539 kwa mama wa Kiinka na baba wa Kihispania. Waliomba wasamehewe kodi. Garcilaso anatueleza kwamba pamoja na barua walipeleka kipande cha hariri nyeupe ya Kichina, ambacho juu yake ulichorwa mti wa nasaba tangu Manco Cápac, mfalme wa kwanza, hadi Huayna Cápac, kila mfalme akiwa amechorwa kuanzia kifuani kwenda juu katika mavazi yake ya kale. Idadi ya waliokuwa wakidai haki kwa nasaba hiyo ilikuwa watu 567. Msomaji aliyezoea silsila za masultani wa pwani yetu atatambua mara moja kazi ya hariri ile, ingawa umbo lake ni jingine. Pale ambapo sisi tungaliandika fulani bin fulani, wao walichora uso chini ya uso.

Katika miaka hiyo hiyo Felipe Guaman Poma de Ayala, mwenyeji wa mkoa wa Huamanga, alikuwa akiandika barua ndefu kupita kiasi kwa Mfalme Philip wa Tatu. Barua hiyo, iliyokamilika mnamo mwaka 1615, ina kurasa karibu 1,200 na michoro 398, na imeandikwa kwa Kihispania kilichochanganywa na Kikechua. Ndani yake mna safu kamili ya wafalme na malkia wa Kiinka, kila mmoja ukurasa wake, mchoro upande mmoja na maelezo upande wa pili. Kisha, kwa mpangilio ule ule, wanafuata makamu wa mfalme wa Hispania na maovu yaliyotendeka zamani zao. Hoja inasomeka hata na asiyejua herufi: kwanza palikuwa na utaratibu, kisha ukaja uharibifu. Muswada huo ulitambuliwa na ulimwengu wa wasomi mwaka 1908 tu, katika maktaba ya kifalme ya Copenhagen.

Karne ya 17 ilipoendelea, mji wa Cuzco ukawa kiini cha uchoraji katika Amerika ya Kusini yote. Wachoraji wengi walikuwa wenyeji, kama Diego Quispe Tito na Basilio Santa Cruz Pumacallao, na mwaka 1688 wachoraji wa kienyeji walijitenga na chama cha wachoraji wa Kihispania wakajitegemea. Kazi nyingi walizopewa zilikuwa za dini, na humo ndimo sura za waungwana wa Kiinka zilimojipenyeza. Katika mfululizo mashuhuri wa picha za maandamano ya sikukuu ya Ekaristi, uliochorwa kwa ajili ya kanisa la Mtakatifu Ana mnamo miaka ya 1675 hadi 1680, kuraka wa mitaa wanaonekana wakitembea mbele ya watakatifu wao. Wamevaa mavazi ya thamani, na taji ya Wainka iko vichwani mwao au imechukuliwa mbele yao. Taji hiyo, iitwayo mascapaicha, ni shada la nyuzi nyekundu lililoning'inia juu ya paji la uso. Zamani ilikuwa ya mfalme peke yake. Sasa ilivaliwa na waungwana wengi siku za sherehe, kwa ruhusa, chini ya bendera ya mfalme mwingine.

Karne ya 18 ilileta hatua nyingine: muungwana aliye hai akawa anachorwa peke yake, kwa rangi za mafuta, kwa namna ya wakuu wa Ulaya. Picha ya Marcos Chiguan Topa iliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Cuzco ni mfano mzuri. Amesimama katika mavazi ya Kihispania, nembo ya ukoo iko kando yake, na maandishi yanaitaja nasaba yake ya kifalme. Katika mahakama za wakati huo picha kama hizo na nembo kama hizo zilitajwa pamoja na vyeti na mashahidi. Kwa maneno mengine, ukuta wa sebule ulikuwa ni sehemu ya faili la kesi.

4. Mstari mmoja wa wafalme

Watawala nao hawakukaa kimya. Waliona kwamba haiwezekani kuwafuta wafalme wa kale, basi wakawaingiza katika mstari wao. Mnamo mwaka 1725 padri Alonso de la Cueva wa Lima alitunga mchoro uliochapwa na kusambazwa kila mahali. Juu kabisa yupo Kristo. Chini yake wamepangwa wafalme wa Kiinka, mmoja baada ya mwingine, hadi Atahualpa. Baada ya Atahualpa anafuata Karl wa Tano wa Hispania, kisha wafalme wengine wa Hispania hadi yule aliyekuwa akitawala. Hapana vita, hapana mauaji, hapana uwanja wa Cajamarca. Mfalme amemwachia mfalme fimbo ya enzi, kana kwamba baba amemwachia mwana. Mwaka 1748 Jorge Juan na Antonio de Ulloa walitia mchoro wa namna hiyo hiyo katika kitabu cha safari yao kilichochapwa Madrid.

Mchoro huu ulipendwa na pande zote mbili, na sababu za kupendwa kwake hazikuwa moja. Kwa Mhispania, ulisema kwamba mfalme wake ni mrithi halali wa Wainka. Kwa muungwana wa Kiinka, ulisema kwamba Wainka walikuwa wafalme halali, na si madhalimu kama alivyodai Toledo. Na mwenye kukubali kwamba amerithi amekubali kwamba kulikuwa na mwenye mali. Wachoraji wa Cuzco na Lima wakaunakili mchoro huo kwa rangi katika nyumba za watawa, makanisa na majumba ya watu. Kwa muda wa nusu karne watu walitazama picha moja na kuona madai mawili yanayopingana, na amani ya koloni ikategemea kwamba hakuna atakayeuliza swali la wazi: mstari huu utaendelea na nani?

5. Mchoraji Antonio Oblitas

Aliyeliuliza swali hilo ni Condorcanqui. Alizaliwa mwaka 1738, akawa kuraka wa Surimana, Pampamarca na Tungasuca, kusini ya Cuzco, na alikuwa mchukuzi wa mizigo kwa nyumbu katika njia za kwenda Potosí. Alidai kwamba alitokana na Túpac Amaru wa Kwanza, yule aliyekatwa kichwa mwaka 1572, kupitia kwa binti yake. Mwaka 1777 alikwenda Lima kuyatetea madai hayo mbele ya mahakama, na papo hapo aliomba watu wa wilaya yake wapunguziwe kazi ya migodini. Hakufanikiwa katika lolote kati ya mambo hayo mawili.

Tarehe 4 Novemba 1780 alimkamata Antonio de Arriaga, mtawala wa wilaya, ambaye kwetu pwani angaliitwa liwali. Watawala wa namna hiyo walichukiwa kwa kuwalazimisha watu wanunue bidhaa wasizozihitaji kwa bei ya kuua. Siku sita baadaye Arriaga alinyongwa katika uwanja wa Tungasuca. Aliyeitekeleza kazi ya kumnyonga ni mtu wa asili ya Kiafrika, aliyekuwa katika utumishi wa Arriaga mwenyewe: Antonio Oblitas. Tarehe 16 ya mwezi huo Túpac Amaru alitoa tangazo la kuwaahidi watumwa uhuru kama wangeyaacha majumba ya mabwana zao na kujiunga naye.

Oblitas alikuwa pia mchoraji. Baada ya ushindi wa waasi katika vita vya Sangarará, tarehe 18 Novemba, alimchora Túpac Amaru akiwa na alama za ufalme. Picha hiyo haikusalimika, lakini habari yake ilijitokeza katika mashtaka dhidi ya waasi, nayo inatosha kwa hoja yetu. Kwa mara ya kwanza tangu Vilcabamba ianguke, mtu aliye hai, mwenye silaha, akiongoza watu, alichorwa kama Inka anayetawala. Hakuwa babu wa mtu anayeomba kusamehewa kodi. Hakuwa mtangulizi wa mfalme wa Hispania. Alikuwa ndiye anayefuata katika mstari.

Tusiipite haraka nafasi ya Oblitas. Wana wa Afrika walikuwa wamefikishwa Peru kama mali, na katika picha za waungwana za karne ile, Mwafrika akionekana, aghalabu huonekana pembeni, akishika mwavuli au akiongoza farasi. Hapa mkono wa mtu wa asili hiyo ndio uliompa mfalme sura. Tarehe 18 Mei 1781 alinyongwa katika uwanja wa Cuzco pamoja na wenzake. Siku hiyo hiyo waliuawa Micaela Bastidas, mke wa kiongozi na mratibu mkuu wa vita vile, na mwana wao Hipólito. Na mwisho Túpac Amaru mwenyewe, katika uwanja ule ule alimouawa yule aliyemdai kuwa babu yake.

6. Amri ya kufuta

Kabla ya hukumu kutolewa, Juan Manuel Moscoso, askofu wa Cuzco, alikuwa amemwandikia Areche kumweleza kwamba picha za Wainka zilizotapakaa mjini, hata katika chuo cha Mtakatifu Francisco Borja walikosomeshwa watoto wa machifu, ziliwaamsha wenyeji wazikumbuke enzi zao. Areche aliafiki. Tuyapange maagizo yake kwa utaratibu, kwa sababu mpangilio wake ndio unaoeleza fikra iliyomo.

Kwanza ni macho. Picha za Wainka ziondolewe katika nyumba za wenyeji wanaojihesabu waungwana, na vile vile katika makanisa, nyumba za watawa na hospitali; mahali pake ziwekwe picha za mfalme wa Hispania na wafalme wengine Wakatoliki. Pili ni mwili. Mavazi ya kale na ile taji ya nyuzi nyekundu vikusanywe, na nguo nyeusi ambazo watu walizivaa kuwaomboleza wafalme wao zipigwe marufuku. Tatu ni masikio. Baragumu za kombe ziitwazo pututu, zenye sauti ya huzuni, zisipulizwe tena; na ye yote anayejua siwa ilivyokuwa kwa watawala wa Pate na Lamu hatahitaji kuelezwa kwamba chombo cha kupuliza chaweza kuwa kiti cha enzi. Nne ni maigizo ya habari za kale. Tano ni jina: mtu asitie sahihi kwa jina la Inka. Na mwisho ni ulimi: maofisa na mapadri wahakikishe kwamba katika muda wa miaka minne wenyeji wanasema Kihispania.

Agizo la lugha halikuzuka Cuzco. Mwaka 1770 Mfalme Karl wa Tatu alikuwa amekwisha kuamuru kwamba lugha za wenyeji katika makoloni yake zizimwe na Kihispania kitawale peke yake. Kabla ya hapo kanisa lilikuwa limekitumia Kikechua kwa mahubiri, likakiandikia sarufi na kamusi. Sarufi ya kwanza, ya Domingo de Santo Tomás, ilichapwa mwaka 1560. Jambo jipya katika hukumu ya 1781 ni kuiweka lugha katika orodha moja na picha, nguo, baragumu na maigizo. Areche hakuwa mwanaisimu, lakini aliona jambo ambalo wanaisimu huchelewa kuliona: kwamba vitu hivyo ni kitu kimoja kwa sura nyingi. Kila kimoja ni njia ya kumfanya aliyekufa awepo. Akiondoa kimoja na kuacha kingine, atakuwa amekata tawi na kuacha shina.

Mwaka 1782 iliongezwa amri ya kukusanya nakala za kitabu cha Garcilaso kuhusu historia ya Wainka, kilichochapwa kwanza Lisbon mwaka 1609 na kuchapwa tena Madrid mwaka 1723. Hivyo maandishi nayo yakaingia katika orodha.

7. Picha ilikuwa ya nani?

Hapa yatupasa kujihadhari na hitimisho rahisi. Ni rahisi kusema kwamba picha za Wainka zilikuwa sauti ya taifa lililodhulumiwa. Ushahidi haukubali. Hariri ya mwaka 1603 ilichorwa ili watu 567 wasilipe kodi ambayo maelfu kwa maelfu ya wengine waliendelea kuilipa. Chiguan Topa alichorwa kama mtu mwenye haki ya kukusanya, si kama mtu anayekusanyiwa. Na uasi ulipozuka, wengi wa waungwana wa Cuzco walisimama upande wa Hispania. Mashuhuri kati yao ni Mateo Pumacahua, kuraka wa Chinchero, aliyewaongoza watu wake kupigana na Túpac Amaru. Katika kanisa la Chinchero palichorwa ukutani ushindi wake: puma, ambaye ni sehemu ya jina lake, akimshinda nyoka, na nyoka, kwa Kikechua, ni amaru.

Picha ilimalizia kazi yake pale fumbo lilipotegemea lugha. Mtu asiyejua Kikechua anapoutazama ukuta ule huona wanyama wawili wakipigana. Anayekijua husoma majina mawili. Rangi ilikuwa ya Pumacahua, aliyeweza kumlipa mchoraji. Maana ilikuwa katika ulimi wa kila mkulima aliyeingia kanisani. Naye Pumacahua, baada ya miaka zaidi ya 30 ya utiifu, aliingia katika uasi wa mwaka 1814 dhidi ya wale wale aliowapigania, akauawa mwaka 1815.

Tofauti hii kati ya kitu cha wachache na kitu cha wote inaeleza pia matokeo ya amri ya Areche. Picha nyingi ziliharibiwa, na hasara yake haikadiriki. Zilizobaki zilisalimika ama kwa kufichwa, ama kwa sababu zilikuwa katika makanisa na nyumba za watawa ambako amri ilitekelezwa kwa ulegevu. Ukuta una mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuamrishwa. Lakini miaka minne iliyowekwa kwa lugha ilipita, na mingine minne, na watu wakaendelea kusema Kikechua, kwa sababu hapakuwa na mlango wa kubisha hodi na kusema: itoeni.

8. Hitimisho

Baada ya Peru kujitwalia uhuru katika miaka ya 1821 hadi 1824, wachoraji waliurudia ule mstari wa wafalme. Ipo michoro ambayo wafalme wa Hispania wameondolewa, na baada ya Inka wa mwisho anafuata Simón Bolívar. Taifa jipya nalo lilitaka hati. Lakini dola hiyo iliyojipamba kwa sura za Wainka iliendesha mashauri yake kwa Kihispania, na aliyesema Kikechua mbele ya hakimu aliendelea kuhitaji mkalimani. Picha ilirudishwa karne moja na nusu kabla ya lugha. Ni mwezi wa Mei 1975 ndipo serikali ya Jenerali Juan Velasco, iliyokuwa imeifanya sura ya Túpac Amaru kuwa alama yake, ilipokitangaza Kikechua kuwa lugha rasmi pamoja na Kihispania. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2017, zaidi ya watu 3,700,000 wa Peru walisema kwamba hiyo ndiyo lugha waliyojifunza utotoni.

Katika miaka ya 1950 watafiti waliokwenda katika vijiji vya milimani, Q'ero na Puquio miongoni mwao, waliandika kwa Kikechua masimulizi ya Inkarrí, mfalme Inka aliyekatwa kichwa na wageni. Kichwa chake, wasema wasimulizi, kimefichwa chini ya ardhi, nacho kiko hai. Kidogo kidogo mwili unaota kutoka katika kichwa hicho, na siku utakapokamilika mfalme atarudi. Waliosimulia hawakuwa na mti wa nasaba wala nembo. Jina lenyewe limeunganisha neno Inka na neno la Kihispania la mfalme, yaani wamelichukua neno la mshindi wakalitia katika jina la aliyeshindwa.

Hiyo nayo ni picha ya mfalme, na pengine ndiyo iliyokamilika kuliko zote, kwani ina uso, ina nasaba, ina madai ya urithi na ina swali la nani anayefuata. Haikuchorwa ukutani, kwa hiyo haikuweza kukwanguliwa. Wanaofanya utafiti wa fasihi simulizi katika vyuo vyetu huulizwa mara kwa mara kazi yao ina faida gani kwa historia. Areche aliyaweka maigizo, baragumu na lugha katika hukumu moja na kifo cha mfalme. Adui alikuwa amekwisha kutoa jibu.